Kiti cha kilo 1.7: mbao zilipopunguzwa, nguvu ilienda wapi?

Mwaka 1957 kampuni ya Cassina, yenye karakana zake Meda, kaskazini mwa Milano, ilianza kuuza kiti cha mbao chenye namba 699. Jina lake ni Superleggera, na aliyekibuni ni msanifu majengo Gio Ponti. Kina uzito wa kilo 1.7. Picha zake maarufu zinaonyesha mtu amekiinua kwa kidole kimoja tu. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni mchoro wa kalamu: miguu minne, fito chache, egemeo jembamba na kikalio cha henzirani.

Kilo 1.7 ni uzito wa aina gani? Mbao zake ni za mti wa frassino, mti wa nchi za baridi ambao mbao yake kavu huwa na uzito wa takriban gramu 0.68 kwa kila sentimita moja ya ujazo. Ukigawanya, hata kama ungehesabu henzirani yote kuwa mbao, kiti kizima kinabaki na mbao zisizozidi lita mbili na nusu. Hizo ndizo zinazotakiwa kumbeba mtu mzima wa kilo 80 au 90, anayeketi kwa kishindo, anayejipindua kuzungumza na jirani, anayeegemea nyuma mpaka miguu ya mbele inaachana na sakafu. Tena kwa miaka mingi.

Waandishi wengi wanaokisifia kiti hiki huishia kwenye urembo wake. Mimi nakitazama kwa jicho la kiseremala. Mbao zilipoondolewa, nguvu iliyokuwa ndani ya mbao hizo ilihamishiwa wapi? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini kiti hiki kilifanikiwa, na pia kwa nini hakikuwa kile ambacho Ponti mwenyewe alikuwa anakitafuta.

Mzazi wake ni kiti cha Chiavari

Ponti hakuanzia kwenye karatasi tupu, wala hakuwahi kudai hivyo. Chiavari ni mji mdogo wa pwani ya Liguria, mashariki mwa Genova. Mwaka 1807 Marquis Stefano Rivarola, aliyekuwa akiongoza Società Economica, chama cha kuinua uchumi wa mji huo, aliwaletea mafundi viti alivyovitoa Paris na kuwataka watengeneze vya namna hiyo. Viti vya Kifaransa vya enzi ya Napoleon vilikuwa vizito na vyenye mapambo mengi. Fundi mmoja, Giuseppe Gaetano Descalzi, aliyejulikana zaidi kwa jina la utani la Campanino, aliichukua kazi ile akaifanya kinyume: akapunguza. Aliondoa mapambo, akaikondesha miguu, akatumia mbao za miti ya eneo hilo, kama mcheri, na kikalio akakisuka kwa nyuzi nyembamba za mwerebi juu ya fremu yenyewe.

Kiti kilipendwa na karakana zikaongezeka. Wanaume walichonga na kuunganisha, wanawake wakasuka vikalio, mara nyingi nyumbani kwao. Biashara ilistawi hadi viti vya Thonet kutoka Vienna vilipoingia sokoni katika nusu ya pili ya karne ya 19. Thonet alipinda mbao kwa mvuke na kuziunganisha kwa skrubu. Kiti chake namba 14, cha mwaka 1859, kilikuwa na vipande sita vya mbao, na hakikuhitaji fundi wa kuchonga viungo. Chiavari haikuweza kushindana na bei hiyo.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki niseme hivi: umbo hilo mnalijua. Viti vya rangi ya dhahabu vinavyokodishwa kwenye kumbi za harusi za Dar es Salaam na Nairobi, vya plastiki au chuma, vyenye vijiti vyembamba mgongoni, huitwa viti vya Chiavari. Ukoo wao unaanzia kwa Campanino, ingawa kilichosalia ni sura tu. Vya plastiki vina unene ambao fundi wa Liguria angeuona aibu.

Milano baada ya vita

Ponti alizaliwa Milano mwaka 1891. Kabla ya vita alishakuwa mtu mkubwa: alisimamia usanii wa vyombo vya kauri vya Richard-Ginori kuanzia 1923, na mwaka 1928 alianzisha jarida la Domus, lililokuja kuwa kama darasa la nchi nzima kuhusu nyumba na vilivyomo ndani yake. Vita viliuacha mji umebomolewa kwa mabomu, hasa yale ya mwaka 1943. Mwaka 1949 serikali ilianzisha mpango wa INA-Casa wa kujenga nyumba za wafanyakazi, na Ponti alishiriki katika mtaa mmojawapo wa Milano, Harar-Dessiè, pamoja na wasanifu Figini na Pollini. (Ndiyo, Harar na Dessie za Ethiopia. Mitaa ile ilibeba majina ya miji ya nchi ambayo Italia iliivamia mwaka 1935, na kila ninapolisoma jina hilo kwenye historia ya usanifu nasimama kidogo.)

Nyumba mpya zilikuwa ndogo. Chumba kimoja kilikuwa cha kulia, cha kuketi na cha watoto kusomea. Kiti katika nyumba ya namna hiyo kinahamishwa mara nyingi kwa siku. Fanicha nzito za bibi, zilizochongwa majani na simba, hazikuwa na mahali pa kukaa. Ponti alitaka kile alichokiita kiti-kiti, kiti kisichohitaji kivumishi chochote: si cha kisasa, si cha kifahari, si cha wasanii. Alikuwa akikitazama kiti cha Chiavari tangu miishoni mwa miaka ya 1940 kwa sababu kilikuwa karibu zaidi na wazo hilo kuliko chochote alichowahi kukibuni mwenyewe.

Upande wa pili wa kisa ni Meda. Eneo la Brianza limejaa mafundi wa fanicha kwa vizazi: huyu anakereza, yule anachonga, mwingine anapiga rangi, na kipande kimoja kinaweza kupita mikononi mwa familia tatu kabla hakijafika dukani. Cesare na Umberto Cassina walianzisha kampuni yao hapo mwaka 1927. Baada ya vita walipata zabuni kubwa za kutengeneza fanicha za meli za abiria, na kazi hizo ziliwafundisha jambo ambalo karakana ndogo hailijui: kutengeneza kiti kimoja mara mamia bila kukosea kipimo. Walibaki na mikono ya Brianza, wakaongeza nidhamu ya kiwanda. Bila mchanganyiko huo kisa hiki kisingekuwepo.

Matunda ya kwanza ya Ponti na Cassina katika njia hii yalikuwa Leggera, namba 646, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ni kiti cha Chiavari kilichosafishwa: chepesi, kizuri, kinauzika. Mtu mwingine angeishia hapo. Ponti alirudi kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa kizuri na kuanza kukipunguza tena, na mafundi wa Cassina wakakubali kurudi naye. Kwangu huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki. Marekebisho ya miaka kadhaa yalifanyika juu ya kitu ambacho hakuna mteja aliyekilalamikia.

Hesabu ya mguu

Badiliko kuu lilikuwa mguu. Miguu ya Superleggera imekatwa kwa umbo la pembetatu yenye kipimo cha milimita 18. Tuifanyie hesabu, kwa sababu hapa ndipo uchambuzi unapopata uzito.

Mguu wa mraba wa milimita 18 kwa 18 una eneo la milimita za mraba 324. Pembetatu yoyote inayoingia ndani ya mraba huo haiwezi kuzidi nusu yake, yaani 162. Kwa uamuzi mmoja tu, nusu ya mbao za mguu imeondoka. Jicho nalo linadanganyika kwa faida ya kiti: pembetatu ina uso mmoja kwenye mwanga na mwingine kwenye kivuli, na unachokiona ni ukingo mkali, kwa hiyo mguu huonekana mwembamba hata kuliko ulivyo.

Gharama yake ni hii. Ukakamavu wa ubao dhidi ya kupinda haushuki sambamba na eneo. Unashuka haraka zaidi. Pembetatu yenye kitako cha milimita 18 na kimo cha milimita 18 ina ukakamavu wa theluthi moja tu ya mraba ule, na ukiisukuma kwa ubavu wake dhaifu inashuka hadi robo. Maana yake ni kwamba Ponti aliondoa nusu ya mbao na kupoteza theluthi mbili au robo tatu za ukakamavu. Mguu huo ukiutoa kwenye kiti na kuukanyaga katikati, utapinda kwa namna ambayo seremala yeyote angeukataa.

Kwa hiyo maelezo ya kawaida, kwamba pembetatu ni umbo imara na ndiyo maana kiti ni imara, hayasimami. Pembetatu imara ni ile ya fremu, kama kenchi la paa, ambapo vipande vitatu vinazuiana. Mguu wenye mkato wa pembetatu ni jambo jingine kabisa, na peke yake ni dhaifu.

Sehemu moja ya jibu iko kwenye mti wenyewe. Frassino una nyuzi ndefu zilizonyooka, na mbao yake hupinda na kurudi bila kukatika. Ndiyo maana Ulaya iliutumia kwa mipini ya mashoka na makasia. Lakini sifa hiyo ipo pale tu nyuzi zinapokwenda sambamba na mguu kutoka juu hadi chini. Zikitoka nje kwa mshazari katikati ya mguu mwembamba hivyo, mguu utapasuka hapo hapo siku ya kwanza mtu atakapoegemea. Mguu mnene unasamehe ubao mbovu. Mguu wa pembetatu ya milimita 18 hausamehi. Kazi ya kwanza ya fundi basi ni kukataa: kupekua mbao na kuziweka kando nyingi ambazo kwa kiti kingine zingefaa kabisa. Kiti kinachotumia mbao kidogo kuliko vyote kinadai mbao bora kuliko vyote, na upotevu unaohamia kwenye uchaguzi hauonekani kwenye mizani.

Viungo na kuwamba

Sehemu kubwa ya jibu iko mahali miguu inapokutana na fito. Kwa kuwa mguu mmoja mmoja ni dhaifu, fito zinazounganisha miguu zinaufupisha: badala ya mguu mmoja mrefu unaopinda, unapata vipande vifupi vilivyoshikwa juu na chini. Mzigo unasambaa kwenye fremu nzima. Mfumo huu unafanya kazi kwa sharti moja, kwamba viungo visichezecheze hata kidogo. Kiungo kikilegea, mguu unarudia urefu wake wote na udhaifu wake wote.

Hebu tusimame kwenye kiungo kimoja. Ncha ya ufito inapunguzwa ikawa ulimi, na ulimi unaingia kwenye tundu lililochongwa ndani ya mguu. Katika mguu mnene tundu linaweza kwenda chini kwa raha, na gundi inapata eneo kubwa la kushika. Hapa mguu una milimita 18 kwa upana wake mkubwa. Tundu likizidi kina, mguu umekatwa. Likipungua, ulimi hauna pa kushika. Likipanuka kidogo tu kuliko ulimi, gundi inajaza pengo badala ya kushika mbao, na pengo lililojazwa gundi ni kiungo kitakachokatika. Tena ufito wa mbele na ufito wa pembeni vinapofika kwenye mguu mmoja, matundu yao hayatakiwi kukutana kwa kimo kimoja, la sivyo hakuna mbao inayobaki katikati. Na kipande cha pembetatu hakishikiki kwenye jiliwa kama cha mraba. Lazima kitengenezewe kitanda chake cha mbao ndipo kitulie chini ya patasi au keekee. Mahali pengine kosa la nusu milimita ni jambo la msasa. Hapa ni kiti kilichoharibika.

Kiungo kinachoteseka zaidi ni kile cha fremu ya kikalio na mguu wa nyuma. Mtu anapoegemea na kuinua miguu ya mbele, uzito wake wote unaning'inia kwenye viungo viwili hivyo, na egemeo linafanya kazi kama wenzo wa kuving'oa. Ponti aliinamisha sehemu ya juu ya miguu ya nyuma kuelekea nyuma, mkunjo ukianzia karibu na kikalio. Mgongo wa mkaaji unapata mlalo wa kupumzikia, kwa hiyo hamu ya kukibinua kiti inapungua. Nauona huu kuwa uamuzi wenye busara kuliko wote wa kiti hiki, kwa sababu unapunguza mzigo kwa kumridhisha mtu, bila kuongeza mbao.

Halafu kuna kikalio. Henzirani imesukwa kwa mkono juu ya fremu. Msomaji aliyewahi kuona kitanda cha kamba kikiwambwa ataelewa mara moja: kamba zikishakazwa, kitanda kilichokuwa kinayumba kinatulia, maana kamba zinavuta boriti za kichwani na miguuni zikaribiane na kuzisindika mbao za ubavuni kwenye viungo vyake. Kikalio hiki kinafanya vivyo hivyo. Kinabeba mkaaji, na wakati huo huo kinakaza fremu. Ungekitoa na kuweka ubao mwembamba uliolazwa tu juu, kiti kingekuwa kizito zaidi na legevu zaidi.

Hapo tumepata jibu. Nguvu iliyoondolewa kwenye unene wa mbao ilihamishiwa kwenye uchaguzi wa ubao, kwenye usahihi wa viungo na kwenye mkazo wa kikalio. Yote matatu ni kazi ya mikono ya watu. Mbao zilizoondolewa zilibadilishwa na ustadi.

Kiliporushwa

Husimuliwa kwamba wakati wa majaribio kiti kilirushwa kutoka orofa ya nne, kikadunda barabarani bila kuvunjika. Simulizi hilo limerudiwa sana, na kwa kanuni za fizikia halishangazi: kitu chepesi kinapiga chini kwa nguvu ndogo, na frassino inanyumbuka badala ya kukatika. Kwa kupima kiti, hata hivyo, si kipimo kikali. Kuanguka mara moja ni pigo moja. Kuketiwa na mtu mzima mara kumi kwa siku, kwenye sakafu isiyo sawa, huku hewa ya chumba ikibadilika kati ya kiangazi na baridi na mbao zikivimba na kusinyaa kwenye matundu yake, ndilo jaribio la kweli. Kiti hiki kimelishinda: Cassina inaendelea kukitengeneza hadi leo, na jumba la makumbusho la MoMA la New York lina kimojawapo katika mkusanyo wake.

Miaka hiyo hiyo Ponti alikuwa anasanifu mnara wa Pirelli wa Milano pamoja na wenzake, akiwemo mhandisi Pier Luigi Nervi. Mnara huo una urefu wa mita 127, na ncha zake zimekondeshwa hadi jengo kubwa la zege linaonekana kama bapa. Nguvu yake nayo imepelekwa kwenye sehemu chache zilizohesabiwa kwa uangalifu. Mtu mmoja alikuwa anauliza swali moja kwenye zege na kwenye frassino.

Je, kilikuwa kiti cha kila mtu?

Kama lengo lilikuwa kutengeneza kiti chepesi kuliko vyote kinachoweza kuishi nyumbani, Ponti na mafundi wa Meda walishinda. Kama lengo lilikuwa kiti cha kawaida kwa ajili ya familia zilizohamia kwenye vyumba vidogo vya Milano, nadhani hawakushinda, na sababu yake imo ndani ya ushindi wenyewe. Kila gramu iliyoondolewa iliongeza saa ya fundi: ya kuchagua, ya kuchonga tundu, ya kusuka. Mbao ni rahisi na saa za fundi stadi ni ghali, na mishahara ya Italia ilipopanda bei ilipanda nayo. Leo Superleggera mpya inazidi euro 1,000, bei ya fanicha ya kifahari. Kiti kisichohitaji kivumishi kimepata kimoja.

Thonet alitatua tatizo la bei kwa kuondoa viungo. Viwanda vya plastiki vya miaka ya 1960 viliondoa mbao zenyewe, na vikafika kwenye nyumba ambazo Ponti alizifikiria. Yeye alichagua kubakisha kiungo cha seremala na kukisukuma hadi mwisho wa uwezo wake. Simlaumu. Chiavari ya 1807 ilishaonyesha kwamba mafundi wa kawaida wa mji wa kawaida wanaweza kufika mbali hivyo, na kuna thamani kubwa katika kuujua mpaka wa ufundi uko wapi. Ila asifiwe kwa alichokifanya. Kusema alileta kiti chepesi na rahisi kwa wote ni kuwanyima mafundi wa Meda haki yao, maana ni kana kwamba wepesi ule ulitoka kwenye penseli.

Aliyenacho cha miaka ya 1950 au 1960 na akitaka kujua hali yake, asianze na rangi ya mbao. Abonyeze kikalio kwa kiganja. Henzirani ikiwa imelegea, fremu imepoteza kikazio chake, na kila anayeketi anavibebesha viungo mzigo ambao havikupangiwa. Kisha ashike egemeo na kulisukuma taratibu mbele na nyuma huku akitazama mguu wa nyuma unapokutana na fremu ya kikalio. Kukionekana mstari mwembamba unaofunguka na kufunga hapo, kiti kisikaliwe tena mpaka kiungo kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe, kiunganishwe upya na kikalio kisukwe upya na mtu anayejua kazi hiyo.